Ukoka wa Mgeni, Maji ya Jirani

Alfajiri moja ya Januari 2023, kaskazi imeshika na vyumba vyetu vyote sita vina watu, nilikuwa jikoni nasukuma maandazi niliposikia hodi kwenye mlango wa uani. Mlango ule hapiti mgeni. Hupita mwenye samaki, mwenye nazi, au mwenye jambo.

Alikuwa jirani yetu wa upande wa kusini. Namwita shangazi ingawa hatuna damu. Ndivyo tunavyolelewa hapa Jambiani, Unguja: mtu mzima yeyote ana cheo chake nyumbani kwako. Ni mkulima wa mwani, miguu imempauka kwa maji ya bahari, na si mtu wa kuingia nyumba za watu bila sababu. Mkono mmoja alishika kopo la maji, wa pili kikombe cha chai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu onja."

Nikaonja. Yalikuwa na chumvi. Si chumvi kali ya bahari. Ni ile inayokuja ukishameza, ikabaki nyuma ya ulimi kama machozi. Kisha akanisogezea kikombe. Chai ya maziwa ilikuwa imekatika, vipande vyeupe vinaelea juu, chini yake maji ya kahawia.

"Leo siku ya nne," alisema. "Sabuni haitoi povu. Kunde nimeziweka motoni tangu jana adhuhuri, bado zinagonga meno. Kisima changu alichimba babu, na hata miaka ya ukame hakijafanya hivi. Nyinyi, mwanangu, kitu gani kile kinachovuma kwenu usiku kucha?"

Kilichokuwa kikivuma ni pampu yetu. Ilivuta maji ya kumwagilia ukoka.

Sikupata la kumjibu. Nilimpa dumu la maji ya kunywa tuliyokuwa tumenunua kwa ajili ya wageni. Akalipokea, akashukuru, akaondoka. Nikabaki nimeshika kopo lake. Halafu nikaenda kwenye kisima chetu, nikateka kidogo, nikaonja. Kilikuwa na chumvi kushinda chake. Sisi hatukujua kwa sababu tulikuwa tumeacha kuonja: maji ya kunywa ya nyumba nzima, yetu na ya wageni, yalitoka dukani kwenye chupa.

Nieleze nyumba yenyewe. Mama aliifungua mwaka 2007, vyumba vitatu vya mawe na chokaa, paa la makuti, choo na bafu kila chumba. Alikuwa mjane, na fedha aliyoanzia aliipata kwa mwani, maana kilimo cha mwani kilipoanza huku Paje na Jambiani mwaka 1989 yeye alikuwa miongoni mwa kina mama wa mwanzo kushuka baharini na vigingi na kamba. Kila jiwe la nyumba ile lilitoka kwenye mgongo wake. Kwa hiyo nikisema kwamba tuliiharibu kidogo, mimi na mume wangu, kwa nia nzuri, naomba ieleweke kwamba jambo hilo lilinikaa rohoni.

Mwezi wa Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Kebo inayotuletea umeme kutoka Bara chini ya bahari ilikuwa imekufa, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, tena ndiyo ya msimu. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta, ufukwe wote ukanguruma na kunuka dizeli. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Mama alitoa kandili zake za zamani, akatengeneza kapi juu ya kisima, akafunga ndoo kwa kamba ya usumba, na wageni wawili watatu waliobaki wakaoga kwa kata. Usiku ulikuwa kimya hata ukisikia maji yakipwa. Nakumbuka nilijiambia kwamba nyumba inayoweza kuishi namna hii ndiyo nyumba ninayoitaka.

Mawazo hayo yalichukua miaka kutimia, na yalianzia kwenye jua. Mwaka 2018 tuliweka sola juu ya paa la jikoni, na pipa la kuchemshia maji kwa jua. Kuhusu sola sina mengi ya kusema: inafanya kazi. Adui yake ni upepo wa chumvi. Skrubu na vibanio visivyo vya chuma cha pua huliwa na kutu upesi, na vioo vinataka kufutwa kwa kitambaa kila wiki. Vyumba havina viyoyozi wala havivihitaji. Makuti yanapumua, na dari iko juu.

Basi tukajiona tumefika. Baada ya mwaka 2020, ule ambao wageni walikatika kabisa, mume wangu alitaka nyumba ipendeze zaidi. Alikuwa ameona picha za bustani za watu, kijani kuanzia barazani mpaka ufukweni. Mwaka 2021 akaleta udongo gari tatu, akapanda ukoka mahali ambapo siku zote palikuwa na mchanga mweupe uliofagiwa. Nami nilikubali. Ulipendeza. Watoto wa wageni walicheza juu yake peku. Lakini ardhi yetu ya Jambiani ni mawe ya matumbawe. Maji hayakai juu yake, yanazama kama yamemwagwa kwenye kichungio. Ukoka ulitaka maji asubuhi na jioni, na kaskazi ikipuliza ulitaka na usiku. Kisima kikafungwa pampu kubwa zaidi. Vyumba navyo vikaongezeka vitatu.

Siku ile ya kopo, nilipomwambia mume wangu, hakubisha wala hakukubali. Alisema, "Tupime." Hiyo ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyotuokoa. Tangi letu la juu lina lita 2,000. Kwa wiki nzima akaandika kwenye daftari la skuli la mtoto kila linapojazwa. Siku moja tulikuwa na wageni 9, na tangi lilijazwa mara tatu. Lita 6,000. Nikagawa: kama lita 667 kwa kila mgeni. Karibu nusu yake ilikwenda kwenye ukoka.

Nikaenda kwa shangazi kumuuliza anatumia ndoo ngapi. Watu saba nyumbani kwake, ndoo kumi za lita 20 kwa siku, na hapo ni siku ya kufua. Lita 200, watu saba.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu maji na utalii wa pwani hii yetu ya mashariki. Mtafiti alikuta wastani wa lita 685 kwa mtalii kwa siku. Nyumba ndogo za wageni zilikuwa zikitumia 248, hoteli 931, na sehemu kubwa kuliko zote ya maji ya hoteli ilikuwa ya bustani. Yaani yote haya yalikwishapimwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Nilisoma ukurasa ule usiku, mama amelala chumba cha pili, na nikaona nyumba yake ndogo imekuwa ikinywa kama hoteli.

Tulimwita ami wa mume wangu. Ni mzee aliyevuka miaka sabini, na ujana wake wote alichimba visima kwa sululu na mtarimbo katika mawe haya haya. Alikuja na uzi wenye mafundo na jiwe nchani, akauteremsha kisimani kwetu, akausikiliza zaidi kuliko kuutazama. Kisha akaenda kwa shangazi akafanya vile vile. Akarudi, akaketi barazani, akaomba kahawa.

"Maji matamu ya huku," alisema, "yameketi juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoketi juu ya mchuzi. Ni ya mvua hayo. Yamezama kwenye mawe, yakakuta bahari chini, yakaelea. Ukiyateka kwa ndoo, yanajirudi. Ukiyanyonya kwa nguvu, mchuzi unapanda."

Wanaosomea maji wana hesabu yao ya jambo hili: kwa kila shubiri moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama shubiri arubaini chini yake. Ukiyashusha ya juu shubiri moja, chumvi huja ikipanda shubiri arubaini. Ami hakuwa na hesabu hiyo, lakini aliuliza swali ambalo lilikuwa hesabu tosha.

"Ule mwaka wa giza, mlipokuwa mnateka kwa kamba, maji yalikuwaje?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Yalikuwa matamu, shemeji. Nakumbuka wali ulivyokuwa ukitoka."

Ami akanywa kahawa yake, akageuka tena. "Na choo chenu kinamwaga wapi?"

Hapo ndipo nilipohisi mwili kufa ganzi. Shimo la choo cha vyumba vipya lilikuwa hatua kama ishirini kutoka kisimani, limechimbwa kwenye jiwe tupu, halina sakafu. Mawe yale yale yanayomeza mvua humeza na maji ya choo. Hatukuwa tumefanya jambo la ajabu. Mashimo mengi pwani yako hivyo. Lakini kuanzia siku ile nimekuwa na msimamo, na nitausema popote nitakapoulizwa: nyumba ya wageni isiyojua maji ya choo chake yanakwenda wapi haijaanza bado kazi ya kutunza mazingira, hata iweke mirija ya karatasi, hata ipake milango rangi ya kijani. Kazi huanzia chini, mahali ambapo mgeni hapigi picha.

Fedha tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya kubadilisha samani za barazani ilikwenda yote kwenye karo jipya la choo. Tulilijenga upande wa mbali, mbali na visima vyote viwili, lina vyumba vitatu, kuta na sakafu vimepigwa saruji, na maji yanayotoka mwisho yanapita kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete kabla ya kuruhusiwa kugusa ardhi. Mafundi walikaa wiki tano. Harufu ilikuwapo, vumbi lilikuwapo, na wageni wawili waliondoka kabla ya siku zao. Sikuwalaumu.

Ukoka ulikuwa vita vya ndani. Mume wangu aliupenda. Jioni alikuwa akiukanyaga peku baada ya magharibi, na mimi nilijua kwamba baada ya mwaka ule mgumu usio na wageni, kitu kile cha kijani kilimpa moyo. Hatukugombana kwa maneno makali. Tulinyamaziana, jambo ambalo kwetu ni zito zaidi. Siku ya tatu niliamka nikamkuta nje na jembe. Ameng'oa robo nzima peke yake. Nikachukua jembe la pili. Udongo tuliugawa: mwingine ukaenda kwenye bustani ya mchicha na mabamia, mwingine tukampelekea shangazi. Mchanga mweupe ukarudi, na ufagio wa njukuti ukarudi kazini.

Mpaka hapa mtu angedhani tumeshajifunza. Lakini masika ya 2023 yalikuwa yanakaribia, na sisi tulikuwa tumeshika wazo jipya kwa mikono miwili: tukinge maji ya mvua. Paa letu ni kubwa. Tukiweka mifereji pande zote na matangi mawili meusi ya lita 5,000, kisima kitapumzika. Hesabu ni rahisi na inatia hamu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Fundi akaja, akafunga mifereji kuzunguka makuti yote, akaingiza mabomba kwenye matangi. Mvua ya kwanza ilipopiga, usiku, tulitoka sote barazani kusikiliza matangi yakijaa. Mama aliinua mikono akaomba dua.

Asubuhi wifi yangu, ambaye ndiye mwenye jukumu la kufua, alianza na shuka za vyumba vinne. Shuka nyeupe, nzuri, za pamba, nane, na foronya zake. Aliziloweka kwenye karai kubwa kwa maji mapya ya mvua, akaenda sokoni. Aliporudi akaniita kwa sauti niliyoitambua mara moja kuwa ni ya msiba.

Maji ya karai yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Na shuka, tulipoziinua, zilikuwa zimeshika rangi hiyo, si sawasawa, bali mawimbi mawimbi, kahawia iliyokolea kwenye mikunjo na iliyopauka katikati, kama ramani. Tulikimbilia tangi, tukafungua bomba: chai. La pili: chai. Makuti hayakatai maji. Huyapokea, huyalowesha, na huyaachilia yakiwa yamebeba rangi ya majani makavu, vumbi la mwaka mzima, na mavi ya ndege. Kila mtu aliyelala chini ya makuti tangu utotoni anajua rangi ya tone linalovuja. Mimi nilikuwa nimelijua maisha yangu yote, na sikulifikiria hata mara moja wakati fundi akipigilia mifereji.

Wifi alijaribu limao na jua. Rangi haikutoka. Akajaribu dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye klorini, akaitia kwa wingi kwa sababu alikuwa na uchungu. Alizipenda shuka zile kuliko sisi. Alizisuuza mara tatu na kumwaga maji yote kwenye mfereji wa kufulia. Rangi ilififia, pamba ikalegea, na madoa yakabaki.

Lakini mfereji wa kufulia ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa unakwenda kwenye duara la migomba. Hili nalo lilikuwa jambo letu la mwezi uliotangulia, na lilikuwa limefanikiwa: tulichimba shimo la kina cha mita moja, tukalijaza makumbi, makuti mabovu na majani, tukalizungushia migomba saba na mipapai miwili, na maji ya kufulia na ya bafuni yakawa yanaishia humo. Migomba ilikuwa imeshatoa majani mapya, yamekunjwa kama mikeka. Siku nne baada ya shuka, majani yale yalianza kukauka kingoni. Baada ya siku kumi, migomba mitano ilikuwa imelala. Mama alipita akaishika mmoja mmoja, akauliza, "Imekunywa nini hii?" Wifi akaanza kulia. Hakuwa na kosa lolote. Sisi tulikuwa tumembadilishia maji, tukambadilishia mfereji, na hatukumkalisha chini kumweleza kwamba tangu sasa kila kinachomwagwa kina mahali kinapofika.

Usiku ule tulikaa sote barazani, na mtoto wetu wa skuli ambaye daftari lake lilikuwa limegeuzwa kitabu cha maji. Tulipitia kila bomba na kila ndoo ndani ya nyumba ile: yanatoka wapi, yanakwenda wapi, nani anayamwaga. Msichana anayesafisha vyumba alijua mambo ambayo mimi sikuyajua. Alijua kwamba choo cha chumba cha tano kinavuja polepole usiku kucha, na kwamba alikwishamwambia fundi mara mbili. Wifi alijua kwamba taulo hubadilishwa kila siku hata mgeni hajaomba. Mama alijua kwamba sabuni ya mche haiui migomba. Kama tungeanza na kikao kile, kabla ya mafundi na matangi, tungeokoa fedha nyingi na migomba mitano.

Kazi ya pili ilikwenda kwa utulivu zaidi. Mifereji ilitolewa kwenye makuti ikafungwa kwenye bati la jikoni na la stoo ya kufulia, mita 70 za mraba kwa jumla. Ni kidogo, lakini mvua ya milimita 30 inatupa kama lita 2,100, nyeupe. Fundi aliweka bomba la wima lenye kizibo chini, ili maji ya mwanzo ya kila mvua, yenye vumbi, yaishie humo na kumwagwa kabla mengine hayajaingia tangini. Vuli ya mwaka ule ilikuja na mvua kubwa za El Niño, na matangi yakafurika. Tulisahau jambo moja: wavu kwenye mdomo wa tangi la pili. Wiki mbili baadaye lilikuwa limejaa viluwiluwi wanaochezacheza, na vyumba vya karibu vimejaa mbu. Tulilimwaga lote, lita 5,000, tukalisugua, tukafunga wavu wa shaba. Kumwaga maji matamu, baada ya kopo lile, kuliniuma mwilini.

Chupa za plastiki tuliziacha mwanzoni mwa 2024. Maji ya mvua huchujwa, huchemshwa kwa moto wa jikoni, na hukaa kwenye mitungi miwili ya udongo barazani, kata juu, kifuniko cha mti. Mama ndiye msimamizi wake. Siku ya kwanza aliifukiza mitungi kwa ubani kabla ya kutia maji, kama alivyofanya bibi yake, bila ya kutuambia. Mgeni mmoja alikunywa, akaja jikoni kwa upole kuuliza kama kuna kitu kimeungua. Mume wangu akamchukua mpaka kwa mama, mama akamwonyesha chetezo, akafukiza mtungi mbele yake, moshi ukiingia mdomoni mwa mtungi na kugeuka ndani polepole kabla ya kutoka. Mgeni alikaa pale nusu saa. Tangu hapo kufukiza mtungi kunafanywa saa kumi jioni, na kila aliyepo nyumbani huja kutazama. Shuka za kahawia mama alizikata akashona mifuko ya mkono. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku kwetu, na mgeni akienda sokoni hupewa mmoja. Ile mikunjo iliyokolea rangi inapendeza kwenye mfuko.

Kwa siku ya kawaida sasa tunatumia kama lita 150 kwa mgeni, na zaidi ya nusu msimu wa mvua ni za matangi. Pampu kubwa tumeiuza. Ndogo iliyopo haivuti usiku. Inavuta kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine alasiri, na katikati kisima kinaachwa kijirudi. Migomba tumepanda upya na imezaa.

Visima havikupona kwa mara moja. Masika ya 2024 ndiyo yaliyosaidia hasa. Mwisho wa masika shangazi alinitumia mjukuu wake na bakuli la kunde zilizoiva mpaka zimepasuka, bila ya salamu nyingine yoyote. Lakini kaskazi ikija, mchuzi bado hunyanyuka kidogo, kwake kabla ya kwetu, maana kisima chake ni kirefu zaidi. Pwani nzima inavuta, si sisi peke yetu. Kwa hiyo tumewekeana desturi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajashuka baharini, shangazi hupita mlango wa uani na kopo lile lile la bati, nami namkuta na kopo la kwetu. Tunaonja yote mawili.

Ijumaa iliyopita nyumba ilikuwa imejaa tena, wageni 11, na familia moja ilikuwa imefika usiku ikitaka kuoga. Shangazi alikunywa kutoka kopo lake, akayaweka kidogo mdomoni, akameza.

"Kidogo," alisema.

Nikaonja. Kidogo, nyuma ya ulimi.

Nikaenda nikazima pampu, nikamwamsha mume wangu, tukaanza kuchemsha maji ya mvua. Wageni walioga kwa ndoo na kata siku ile, na mama akaenda mwenyewe mlango kwa mlango kuwaeleza kwa nini.